Nusu ya Keria na Jogoo wa Susu

Mbumbuni, Ijumaa jioni

Mwikali wangu,

Nimeketi kwenye meza ya jikoni, na kila nikiinua macho naliona gari lenu dirishani, limeelekezwa langoni tayari. Kyalo mumeo amelipangusa mara tatu leo. Mumo amekataa kuvua viatu. Anasema akilala navyo hamtaweza kumwacha, kwa hiyo nimemfunika blanketi pamoja na viatu vyake. Mimi na miaka yangu yote si mtulivu kumshinda. Nimetia chumvi kwenye chai ya baba yako badala ya sukari, naye ameinywa yote, kwa sababu akili yake ilishatangulia Tseikuru mnakohamia.

Habari za maji ya kuchemsha na vyandarua sitaziandika hapa. Wewe ni mwalimu sasa na ni mama wa wawili. Ukisahau kitu, Mwingi kuna maduka. Ninachotaka ni kukujibu swali lako la Jumanne, ambalo nililikwepa.

Ulikuwa umesimama katikati ya uwanja. Upande mmoja lilikuwa lile boksi jeusi la juu ya gari alilonunua Kyalo, lenye kifuniko na kufuli, linang'aa kama kiatu cha mchungaji siku ya harusi. Upande wa pili keria yangu ya zamani ya chuma, ile ya kufungia mizigo juu ya paa, ilikuwa imeegemea mchungwa, kuku wamelala juu yake. Ukaniuliza, "Mama, tuchukue kipi?" Nikasema nitafikiria. Ukacheka, ukamwambia Kyalo, "Mama akisema atafikiria, jua ataiandikia shajara kwanza." Ni kweli, niliandika. Kurasa mbili nzima, na sikupata jibu.

Kisha Jumatano Susu, bibi yako, akapiga simu. Sijui ni nani aliyempelekea habari za boksi, lakini kati ya Mbumbuni na Tawa habari haikosi gari. Ulikuwa umeweka simu kwa sauti kubwa, kwa hiyo nilisikia yote.

"Nasikia mnakuja kuniaga na jeneza."

"Susu, ni boksi la mizigo."

"Niliona moja la namna hiyo maishani mwangu, linatosha. Mkija na hicho kitu, piteni barabara ya juu. Nitawapungia mkono nikiwa shambani."

Ulicheka. Halafu nikakuona unaweka simu mezani polepole, ukachukua shati la Mumo ukaanza kulikunja, na lilikuwa limeshakunjwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba hili si jambo la keria. Unataka yule mama awatemee wanao mate ya baraka kifuani kabla hamjaenda kuishi mbali, kama alivyokutemea wewe ulipoenda chuo. Ni mzee sana, na Tseikuru si mahali pa kutoka asubuhi na kurudi jioni. Na kwa upande wa pili yupo Kyalo, aliyetafuta boksi lile kwa miezi ili vitabu vyako visifike vikiwa vimelowa au vimejaa vumbi. Utamwambiaje aliache kwa sababu bibi yako analiogopa? Siku mbili hizi umekuwa ukitembea kati ya hao wawili kama mtu anayebeba maji kwenye sahani.

Basi acha nikusimulie juu ya keria zangu mbili, kwa sababu wewe unajua nusu tu ya habari.

Ile ya chuma ilikuwa ya kwanza. Tulikuwa tumenunua gari letu la kwanza, lile jeupe, na mimi nilikuwa nimepandwa na wazimu wa kusafiri. Kila Jumapili baada ya kanisa nilitaka twende mahali. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, Muasya, nikamwambia anitengenezee keria ya mabomba mazito ya maji.

"Mama Mwikali, unataka kubeba nini?" akaniuliza. "Ng'ombe?"

"Wewe chomelea tu. Sitaki kitu cha kuvunjika."

Alichomelea. Keria ikatoka imara kama daraja, na watu wawili walishindwa kuinyanyua hadi mtu wa tatu alipokuja. Siku hiyo shajara yangu inasema hivi: "Mvua kidogo. Keria imefungwa. Mlango wa nyuma wa gari haufunguki." Nilikuwa nimepima upana na urefu wa paa, lakini sikuwa nimefikiria kwamba mlango wa nyuma ukifunguka hupanda juu, na huko juu sasa kulikuwa na chuma. Muasya alitaka kuikata. Nikakataa, nikaona aibu. Kwa muda mrefu baba yako akawa anaingia kwa mlango wa mbele, anapita juu ya viti, anatoa mizigo ya buti moja moja na kunipa dirishani. Huenda unakumbuka alivyokuwa anaimba akiwa humo ndani.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa uzito. Kila gari lina kiasi ambacho paa lake linaweza kubeba, na kimeandikwa kwenye kile kitabu cha gari ambacho hakuna anayekifungua. Na keria yenyewe nayo ni mzigo, nayo inahesabiwa. Ile yangu, hata ikiwa tupu, ilikuwa imeshakula karibu nafasi yote. Nikaongeza magunia mawili ya mbaazi juu yake, tukashuka mteremko wa kuelekea Tawa, na kwenye kona gari likayumba kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Hatukuanguka. Lakini nilishuka nikakaa kando ya barabara, na baba yako akateremsha yale magunia akayaweka sakafuni, chini ya miguu yenu. Tangu siku hiyo kizito chochote kwangu hukaa chini, na juu hupanda kilicho kikubwa lakini chepesi. Godoro, matandiko, vikapu, nguo.

Ndipo nikaenda upande wa pili kabisa, kama watu wote waliotishika. Nikaazima boksi.

Lilikuwa la mwalimu mmoja aliyefundisha nami kwaya, jeusi kama hilo la Kyalo, ila refu zaidi. Nililipenda mno. Jepesi, halina kelele, mvua haiingii. Ilikuwa wiki ya Krismasi, na nikapanga tumshtue Susu. Tusipige simu. Tufike tu, tufungue kifuniko, atoe kwa mkono wake godoro jipya, mikate, vitenge, kila kitu. Wewe ulikuwa umelala kiti cha nyuma, kwa hiyo yaliyofuata uliyasikia kwa watu tu.

Nisikilize sasa jinsi nilivyojiandalia. Boksi lilikuwa refu kuliko paa, likatokeza nyuma. Kitu kikitokeza, sheria inataka kitambaa chekundu, nami ni mtu wa sheria, nikafunga kitambaa chekundu. Mwenye boksi alikuwa ameniambia kifuniko kina tabia ya kufunguka gari likikimbia, kwa hiyo nikaendesha polepole. Na kwa kuwa naendesha polepole, nikawasha taa za tahadhari ili wa nyuma wajue. Baba yako alikuwa amechoka, ameegemea kiti, kichwa nyuma, mkono juu ya macho.

Sanduku refu jeusi, kitambaa chekundu, taa zinawakawaka, gari linatambaa, na mwanamume ameketi amefunika uso. Mwikali, mimi nilikuwa nachanganyikiwa kwa furaha. Hata njia panda ya kwa Susu, nilipoona akina mama wamesimama kando ya barabara na kushika vichwa, niliwapungia mkono.

Mmoja wao, Nduku, jirani ya Susu, alikimbia kando ya dirisha langu.

"Mama Mwikali, jikaze," akaniambia. "Jikaze, mama."

"Asante," nikasema. "Nimechoka kidogo tu. Barabara ni mbaya."

Akaanza kulia. Nikafikiri, mbona watu wa huku wana huruma namna hii?

Nyuma yetu wakaanza wimbo. Huu wimbo unaujua, hauimbwi siku ya harusi. Nikatazama kwenye kioo, nikaona wanawake wanafuata gari, wengine wameshajitwika kuni, mwingine ana mtungi wa maji, kwa sababu watu wetu hawaendi kwenye nyumba ya msiba mikono mitupu. Shemasi alitoka nyumbani kwake akivaa koti, Biblia kwapani. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, na tulikuwa tumeshafika langoni.

Susu alikuwa amesimama ameshika nguzo ya lango. Hakulia. Aliniangalia mimi, akamwangalia baba yako ambaye sasa alikuwa ameamka na kushangaa, kisha akauliza kwa sauti ndogo sana:

"Ni yupi?"

Nilishuka, nikapanda kwenye gurudumu, nikafungua kufuli, nikainua kifuniko mbele ya umati wote. Godoro la maua, lile alilokuwa ameliomba. Mkate mmoja ukadondoka, ukabingirika hadi miguuni kwa shemasi.

Unajua kilichofuata, maana hicho ndicho wanachokisimulia mpaka leo. Vicheko, watu kukaa chini kwa kucheka, shemasi kuomba kwanza kabla ya kula mkate. Kuni zile hazikurudi. Zilipikia watu wote muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, na godoro la Susu lilikaliwa na watu sita kabla hajalilalia. Nilikwenda kulala nikijiona nimefanya Krismasi ya ajabu.

Ambacho huenda hukijui ni hiki. Asubuhi yake nilimkuta Susu anapepeta mbaazi peke yake. Nikachuchumaa nimsaidie. Akaniambia, "Gari lilipotokea pale juu, niliwahesabu watoto wangu wote. Kuanzia wa kwanza. Kila mmoja nilimshika nikajiuliza kama ni yeye, nikamwacha, nikamshika mwingine. Nikamaliza, nikaanza wajukuu. Wewe ulikuwa unanipungia mkono."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekueleza mahali alipoumia ili usiguse. Boksi nililirudisha kwa mwenyewe, na ile keria nzito nikairudisha juu ya gari, baada ya Muasya kukata kipande cha nyuma ili mlango ufunguke. Imekaa nasi tangu hapo.

Kwa hiyo Jumanne uliponiuliza, kinywa changu kilikuwa tayari kusema, acha boksi, chukua chuma. Nashukuru nilinyamaza. Ningekuwa nimekubebesha kosa langu la kwanza ili kuficha la pili.

Maana Kyalo yuko sawa. Nimekaa na lile boksi lake, nimelipima, nimelipa haki yake. Ni jembamba, halitokezi nyuma, mlango wa gari unafunguka hadi juu bila kuligusa, nilijaribu mwenyewe mlipokwenda dukani. Mpira wa kifuniko ni mzima. Nilimwaga ndoo ya maji juu yake na ndani kukabaki kukavu. Huko mbele lami ikiisha, vumbi litaingia kila mahali penye tundu, na vitabu vyako havitasafishika kwa kukung'utwa tu. Kama mtu angeniuliza bila kumjua Susu, ningesema boksi, bila kufikiri mara mbili.

Lakini nilipolipima ndipo nilipoona jambo. Boksi ni jembamba, na vile vyuma viwili vinavyokingama juu ya paa ni virefu. Likisukumwa upande mmoja, upande wa pili unabaki nusu ya paa, haina kitu.

Jana asubuhi, ulipokwenda kuwaaga wenzako, niliipeleka keria yangu kwa Muasya. Siku hizi ana mvi, na bado ananicheka.

"Leo unaongeza nini, Mama Mwikali? Ghorofa?"

"Ninataka uikate. Katikati, kwa urefu, kama mkate."

Akaizunguka, akaigonga kwa kidole. "Hii? Hii ni keria ya kuzikwa nayo."

"Usitaje kuzikwa wiki hii, Muasya. Kata."

"Na nusu ya pili nikuuzie kama chuma chakavu?"

"Nusu ya pili ni yangu."

Alikata. Kila nusu akaizibia ubavu kwa bomba jembamba, akatoa vyuma vya chini visivyo na kazi, akapiga rangi. Nusu moja sasa nainyanyua peke yangu. Nilisimama pale nimeishika mikononi, nikawa nacheka kama mtoto, kwa sababu huo ndio uzito niliopaswa kuagiza siku ile ya kwanza.

Kisha nikafunga nusu yangu kwenye gari langu na kwenda Tawa kumwona Susu. Nilipiga simu kabla ya kutoka, na nikapiga tena nilipofika njia panda.

Alitoka na fimbo yake, akalizunguka gari.

"Umevunja keria yako."

"Nimeigawa, Mwaitu," nikamjibu kwa lile jina letu la mama. "Nusu ni ya Mwikali."

"Na lile boksi?"

"Linakwenda. Ana vitabu, na kule kuna vumbi. Kyalo amelitafuta kwa ajili yake."

Akapitisha kidole mahali palipokatwa, rangi ilikuwa haijakauka vizuri, akafuta kidole kwenye leso. Nilijua sasa ndiyo au siyo.

"Na upande wa keria utabeba nini?" akauliza.

"Utakachoweka wewe. Watafika kwako upande huo ukiwa mtupu."

Akaangalia uwanja wake, kisha akauliza, "Gari la msiba hubeba jogoo?"

"Sijawahi kuona."

"Jogoo anayewika njia nzima?"

"Hata siku moja, Mwaitu."

"Basi yule pale," akasema, akaelekeza fimbo kwa yule jogoo mwekundu anayewafukuza wageni. "Huyo hanyamazi hata mvua ikinyesha. Nitamfunga mwenyewe kwenye tenga lenye kivuli. Kutoka hapa hadi Tseikuru kila atakayesikia atajua kwamba ndani ya gari hilo hakuna aliyekufa."

Akacheka mpaka akashika bega langu. Nikafikiri tumemaliza. Lakini nilipowasha gari akaja dirishani.

"Mwambie Mwikali kitu kimoja. Boksi nimelisamehe. Ila asije nyumbani bila kuniambia. Hata akija na keria ya dhahabu, asiponiambia nitahesabu tena."

Basi ndilo jibu langu, mwanangu, na sehemu yake kubwa si yangu. Chukueni yote mawili, na mpige simu.

Ninaifunga barua hii na kuiweka chini ya kikombe chako cha chai, uisome kabla hujatoka nje. Nusu yako ya keria imefichwa nyuma ya ghala chini ya turubai. Kyalo anajua. Zile mara tatu alizopangusa gari leo alikuwa anapima matundu ya boliti, na maskini hawezi kudanganya, amelipangusa mahali pamoja mpaka pamebadilika rangi. Ataifunga alfajiri. Mkishatembea kidogo kwenye changarawe, simameni akaze tena boliti, chuma kipya hulegea kikikutana na mashimo. Na vitabu vizito viwekeni sakafuni, boksini vikae vile vyepesi tu. Usimruhusu mtu yeyote aweke kitu upande ule kabla ya Tawa, hata mimi. Najijua, nitajaribu kuweka machungwa.

Sitawafuata hadi kwa Susu. Kesho pale langoni ni penu naye. Mumo atafungua kifua kwanza, ndiye mwenye haraka. Ndinda nduguye atajificha nyuma yako, mvumilie. Nawe ukifika zamu yako, inama vizuri, amekuwa mfupi.

Nusu yangu inabaki juu ya gari langu, na sina mpango wa kuitoa. Mwezi wa nane shule zikifungwa, kama hamjaja sisi tutakuja, tutapiga simu tukifika Mwingi, tutapiga tena tukifika Kyuso. Na ukisimama nje ya nyumba yako mpya ukaona vumbi kwa mbali, angalia juu ya paa kabla ya kuangalia aliyeketi ndani. Itakuwa nusu ya keria inakuja kumtafuta mwenzake.

Mimi niliyekulaza kiti cha nyuma,

Mama